Nilivyoipima Kamusi ya WordReference kwa Neno Moja: “Time”

Fomu ilikuwa ya kurasa mbili, ya kujazwa na mgonjwa anapofika zahanati, na neno la Kiingereza “time” lilikuwa limechapwa humo mara tatu. Mahali pa kwanza lilikaa kati ya tarehe na mahali pa miadi. Mahali pa pili lilifuatwa na nafasi tupu na neno la dakika, kwa kuwa mgonjwa aliulizwa maumivu yake huendelea kwa muda gani. Mahali pa tatu lilikuwa katika wingi, juu ya safu ya dawa, likiuliza kila dawa humezwa mara ngapi kwa siku. Tafsiri ya Kifaransa niliyopewa niikague ilitolewa na programu ya kutafsiri ambayo sina haja ya kuitaja, nayo iliandika “temps” katika sehemu zote tatu.

Msomaji wa Kifaransa akikutana na “temps” kati ya tarehe na mahali hatafikiria saa ya kufika. Neno hilo kwake ni wakati unaopita, au ni hali ya hewa ya siku hiyo. Na akilikuta juu ya safu ya dawa hatajua anaulizwa nini hata kidogo. Kosa la namna hii katika hadithi lingesamehewa, lakini mtu anayejaza vibaya safu ya dawa anaweza kudhurika, na aliyetafsiri hatakuwapo kumweleza.

Fomu hiyo ndiyo iliyonisukuma kuipima upya kamusi ya Kiingereza na Kifaransa ya WordReference, ambayo nimekuwa nikiitumia kwa miaka mingi bila kujiuliza inanisaidia kwa kiasi gani. Niliandika sentensi ishirini za Kiingereza za mambo ya kila siku, kila moja ikiwa na “time” kwa matumizi yake, kisha nikaitafutia kila sentensi Kifaransa chake kwenye kamusi hiyo. Pale nilipokwama, au nilipotaka ushahidi wa pili, nilifungua kamusi ya karatasi ya Oxford-Hachette, hazina ya sentensi ya Linguee, na programu za kutafsiri zenyewe. Nilichagua neno hili kwa sababu ni jepesi mno. Mwanafunzi wa Kiingereza hulijua katika wiki ya kwanza, na kwa hiyo hakuna anayedhani kwamba anahitaji kulitafuta.

WordReference ilianzishwa mwaka 1999 na Mmarekani Michael Kellogg, na tangu wakati huo haijamdai msomaji malipo, kwa kuwa gharama zake hubebwa na matangazo. Ukiandika neno, inakuletea jedwali. Upande wa kushoto kuna neno la Kiingereza na kategoria yake ya kisarufi, katikati kuna maelezo mafupi ya maana inayokusudiwa, na upande wa kulia kuna neno la Kifaransa pamoja na kifupisho cha jinsia yake, “nm” kwa nomino ya kiume na “nf” kwa nomino ya kike. Chini ya maana huja sentensi ya mfano, na mara nyingi tafsiri yake. Maana kuu hutangulia, maana za ziada hufuata, na mwishoni kabisa kuna orodha ya maneno ambatani na misemo, ambayo kwa neno kama “time” ni ndefu sana.

Kwangu mimi thamani ya kamusi hii imo katika yale maelezo mafupi ya katikati. Kamusi ndogo za mfukoni hupanga visawe kwa mstari mmoja, “temps, heure, fois, époque, moment”, vikitenganishwa na mkato, kana kwamba ni matunda ya mti mmoja ambayo mtu anaweza kuchuma lolote lililo karibu na mkono. WordReference haikuruhusu kufanya hivyo. Kabla ya kukupa neno la Kifaransa inakulazimisha uamue unazungumzia nini: je, ni wakati kwa jumla, au ni saa inayosomwa ukutani, au ni tukio moja kati ya matukio yanayorudiwa? Na mtu akishajibu swali hilo, kazi kubwa imekwisha.

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapokuwa na mtaji ambao wengi wetu hatuutumii. Nilipochukua penseli na kuandika Kiswahili pembeni mwa kila sentensi yangu, niligundua kwamba lugha yetu tayari imeyatenga mambo ambayo Kiingereza kimeyafunga katika furushi moja. Tuna saa, tuna mara, tuna wakati, tuna muda, tuna zama na zamani. Karibu maneno haya yote yametoka katika Kiarabu, na yalipokuja yalikuja na mipaka yake, kwa kuwa Kiarabu nacho hutofautisha saa na mara, na muda na zamani. Mwingereza anayejifunza Kifaransa hana budi kujenga kuta hizo upya kichwani mwake. Sisi tumezaliwa ndani ya nyumba iliyokwisha kugawanywa vyumba.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni “fois”. Popote Kiswahili kinaposema mara kwa maana ya kuhesabu, Kifaransa karibu siku zote kitasema “fois”. Mara tatu kwa siku ni “trois fois par jour”. Safari hii au mara hii ni “cette fois”, mara ijayo ni “la prochaine fois”, na mara ya mwisho ni “la dernière fois”. Ufanano unafika hadi kwenye hesabu, kwani sisi husema tatu mara nne, na Mfaransa husema “trois fois quatre”. Asili ya neno hilo ni neno la Kilatini lililobeba maana ya zamu, jambo linaloeleza kwa nini limebaki kuwa neno la kurudiarudia wala si la kupita kwa wakati. Hata mfungua hadithi wa Kifaransa hutumia neno hilo hilo anaposema “il était une fois” pale sisi tunaposema hapo zamani za kale, na ingawa sisi hapo hatusemi mara, maana ya palikuwa na siku moja inaonekana bila shida.

Katika sehemu hii WordReference ilinipa zaidi ya neno. Sentensi zake za mfano zinaonyesha neno likiwa kazini, na ni humo ndimo nilimojifunza tena jambo ambalo nimeliona likiwaponyoka hata watu waliosoma Kifaransa kwa miaka. Ukitaka kusema mara ya kwanza nilipomwona, Kifaransa hudai “la première fois que je l'ai vu”, kwa “que”. Ukisema wakati nilipomwona, ni “au moment où je l'ai vu”, kwa “où”, na zama zile tulipokuwa tukiishi pamoja ni “à l'époque où nous vivions ensemble”, kwa “où” tena. Kiswahili hufanya yote matatu kwa kiambishi kimoja tu, “-po-”, kwa hiyo masikio yetu hayatutahadharishi. Anayechagua “fois” kwa usahihi kisha akaiunganisha na “où” au na “quand” amepata neno na kukosa sentensi. Orodha tupu ya visawe haiwezi kumwokoa mtu huyo, bali sentensi ya mfano inaweza.

Saa nayo ilikuwa rahisi mwanzoni. Saa ngapi sasa ni “quelle heure est-il”, saa za mahali fulani ni “l'heure locale”, na majira ya ukanda wa dunia huitwa “fuseau horaire”. Ugumu ulianza nilipofika kwenye jozi ya Kiingereza “on time” na “in time”, ambazo zinatofautiana kwa kihusishi tu. Kifaransa hutofautisha kwa nomino. Treni iliyofika saa ile ile iliyotangazwa imefika “à l'heure”. Zimamoto waliofika kabla nyumba haijateketea wamefika “à temps”. Zimamoto hawakuwa na miadi na moto, kwa hiyo kusema wamefika “à l'heure” ni kama kusema walialikwa. Kiswahili cha mazungumzo husema amefika kwa wakati katika hali zote mbili, na hapa mtaji wetu unapungua kidogo. Ili kupata nomino sahihi nililazimika kujiuliza kama kuna saa iliyopangwa, au kuna balaa lililokuwa linakaribia. WordReference huitenga misemo hii miwili kila mmoja na ukurasa wake, na ningemshauri kila mtumiaji aifungue yote miwili na kuisoma sambamba kabla ya kuchagua.

Mtego unaofanana na huo umo katika “the right time”. Mtu anaweza kukusudia saa sahihi, yaani saa ya ukutani haikukosea, na hapo Kifaransa ni “l'heure exacte”. Anaweza pia kukusudia wakati mwafaka wa kusema jambo, na hapo ni “le bon moment”. Atakayeunganisha vipande mwenyewe na kuandika “la bonne heure” ataanguka shimoni, kwa kuwa “de bonne heure” ni mapema, na “à la bonne heure” ni kauli ya kuridhika, ya kumwambia mtu kwamba hapo sasa amefanya vyema. Nimelipenda sana eneo hili la kamusi, kwa sababu linaonyesha kwamba maneno yakishaoana kwa muda mrefu huzaa mtoto asiyefanana na mzazi yeyote kati ya wawili hao.

Sikuridhika sana na namna jedwali linavyoshughulikia nyakati zilizopita. Sentensi yangu ilisema kwamba wakati ule hapakuwa na barabara. Kifaransa kina njia tatu. “À cette époque” ni zama hizo, kipindi chenye sura yake. “À ce moment-là” ni wakati ule hasa, dakika au siku fulani ya jambo. “En ce temps-là” ni siku zile, kwa sauti ya msimulizi au ya maandiko matakatifu. Mtu akiweka “à ce moment-là” katika sentensi ya barabara, msomaji atadhani barabara iliondolewa siku hiyo na kurudishwa kesho yake. Jedwali huweka maneno kwenye mistari, na mstari hauna nafasi ya kueleza sauti wala umbali. Hilo ni tabia ya majedwali yote, na sidhani kwamba kuna njia rahisi ya kulirekebisha bila kuandika makala nzima chini ya kila neno.

Makala ya namna hiyo ndiyo niliyoyakuta katika Oxford-Hachette. Kamusi hiyo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1994, na ilikuwa ya mwanzo kati ya kamusi kubwa za lugha hizi mbili kutungwa kwa kutazama makusanyo makubwa ya matini halisi yaliyohifadhiwa katika kompyuta, badala ya kutegemea kumbukumbu za watunzi na kamusi zilizotangulia. Ina visanduku vya maelezo kuhusu mada kama saa, tarehe, umri na sehemu za mwili, ambamo kanuni hukusanywa mahali pamoja pasipo kurudiwa chini ya kila neno. Karatasi ina faida nyingine ambayo sikuitarajia niikumbuke: unapotafuta maana moja, jicho linapita juu ya zile nyingine, na unaondoka ukiwa umejifunza kwamba zipo. Kwenye skrini niliona nikichukua mstari wa kwanza unaoelekea kufaa na kufunga ukurasa. Kwa haraka ya kazi nitaendelea na WordReference, lakini mwanafunzi anayetaka kulijua neno lote ningemkalisha mbele ya ukurasa wa karatasi kwa nusu saa.

Turudi kwenye mtaji wetu wa Kiswahili, kwa kuwa hautoshi kila mahali na ni vizuri kuonyesha unapokatikia. Mara nyingi, kwa maana ya sehemu kubwa ya siku za mtu, kwa Kifaransa ni “la plupart du temps”, wala haiongozi kwenye “fois”. Mara moja moja ni “de temps en temps”, ambamo hakuna “fois” yoyote, ingawa jirani yake “parfois” inayo ndani ya tumbo lake. Sina nafasi ni “je n'ai pas le temps”, na anayefuata neno nafasi kwa uaminifu ataishia kwenye “place”, aonekane analalamika kwamba kiti kimejaa. Kwa wakati mmoja ni “en même temps”, lakini kufanya kitu kimoja kimoja kwa zamu kwa Kiingereza ni “one at a time” na kwa Kifaransa ni “un à la fois”, ambapo “fois” inarudi bila sisi kuwa tumesema mara. Katika sentensi zangu ishirini Kiswahili kilinifikisha kwenye nomino sahihi katika kumi na nne. Zile sita zilizobaki zilihitaji kamusi, na kamusi ilizijibu zote sita.

Ilizijibu hasa kupitia ile orodha ya misemo ya chini, ambayo watumiaji wengi hawafiki kwa kuwa iko mbali na juu ya ukurasa. Ningependa watu wote waanzie huko. Neno la kawaida lenye maana nyingi hufanya sehemu kubwa ya kazi yake likiwa limeshikana na maneno mengine, na katika hali hiyo mara nyingi Kifaransa hakina haja ya nomino ya wakati kabisa. Kustarehe, ambako Mwingereza husema amekuwa na “time” nzuri, ni “bien s'amuser”. Kupata tabu kufanya jambo ni “avoir du mal à”. Kutumikia kifungo ni “faire de la prison”. Mapumziko ya kazini ni “congé”. Kwa mwanamuziki anayepiga mapigo ni “battre la mesure”. Hadi alipofika, ambayo kwa Kiingereza ina “time” katikati, kwa Kifaransa inaweza kuwa “quand il est arrivé” tu, kama ambavyo sisi tunamaliza kwa kusema alipofika. Kitenzi chenyewe, cha kumpimia mkimbiaji muda wake, ni “chronométrer”.

Kuna neno moja ambalo ningelitilia alama nyekundu, nalo ni “délai”. Muda ulioruhusiwa au unaotarajiwa kwa jambo kukamilika, kama muda wa kufikishiwa mzigo au makataa ya kukata rufaa, kwa Kifaransa huitwa hivyo: “délai de livraison”, “délai d'appel”. Kwa kuwa linafanana kwa umbo na neno la Kiingereza la ucheleweshaji, mfasiri anayetoka Kiingereza hulikwepa akidhani analeta habari mbaya, au hulitumia penye ucheleweshaji ambapo Kifaransa kinataka “retard”. Muda na makataa vinatuonyesha njia bila hofu hiyo, kwani muda uliowekwa si muda uliopitishwa.

Kwa neno kama hili, hazina ya Linguee ilinifaa kuliko jedwali. Huduma hiyo ilianza mwaka 2009, nayo humwonyesha msomaji sentensi zilizokwisha kutafsiriwa katika matini za watu wengine, Kiingereza upande mmoja na Kifaransa upande wa pili. Sehemu kubwa ya matini hizo zinatoka katika taasisi zenye wajibu wa kuandika kwa lugha zaidi ya moja, hasa za Umoja wa Ulaya. Ukitafuta “délai” unaiona ikitumika na wanasheria, wahandisi na makarani, na baada ya dakika tano unaanza kusikia neno linapenda kukaa na nani. Lakini ukitafuta namna mama anavyomwambia mtoto kwamba wakati wa kulala umefika, utakuta kanuni za biashara. Tena matini hizo zimeokotwa kwingi, huduma yenyewe huwatahadharisha wasomaji kwamba vyanzo vya nje havikukaguliwa, na sentensi ya Kifaransa unayoiamini inaweza kuwa nayo ni tafsiri ya lugha ya tatu. Kwa hiyo huitumia kuthibitisha, na sianzii hapo.

Huyo mtoto wa kulala, kwa kweli, alinichukua muda mrefu kuliko mawakili wote. Kifaransa kinaweza kusema “c'est l'heure de dormir”, yaani saa ya kulala, ile ya kila siku, imefika. Kinaweza pia kusema “il est temps de dormir”, yaani sasa inafaa alale, amekesha vya kutosha. La kwanza linatazama ratiba, la pili linatazama hali. Nilijaribu kuyageuza kwa Kiswahili nikapata saa ya kulala imefika kwa la kwanza na wakati wa kulala umewadia kwa la pili, na nikaona kwamba tofauti tunayo, ila hatukuwahi kuitia jina. Kamusi ilitaja misemo yote miwili. Kuchagua kati yake kulibaki juu yangu, kama inavyopasa.

Sasa niseme la haki kuhusu programu za kutafsiri, kwa kuwa fomu niliyoanza nayo inaweza kumfanya msomaji adhani ninazipinga. Sentensi zangu ishirini nilizipitisha zote humo zikiwa kamili, na matokeo yalikuwa mazuri mno: zimamoto walifika “à temps”, treni ilifika “à l'heure”, na hakuna mkimbiaji aliyepewa hali ya hewa. Mabadiliko haya yamekuja tangu mwaka 2016, Google Translate ilipohamia kwenye mitandao ya neva, na mwaka uliofuata ikazaliwa DeepL kutoka kampuni ile ile ya Linguee. Programu za namna hii hulitazama neno pamoja na majirani wake katika sentensi na kukadiria neno la Kifaransa linaloweza kukaa mahali hapo. Palipo na majirani, huchagua vizuri. Palipo na neno pekee ndani ya kisanduku cha fomu, au kwenye kitufe cha simu, au juu ya safu ya jedwali, majirani hawapo, na programu hutoa neno lenye matumizi mengi kuliko mengine. Kwa “time” neno hilo ni “temps”.

Ndiyo maana maneno yaliyo hatarini zaidi ni mafupi na ya kawaida, yale yanayopenda kusimama peke yake. “Free” juu ya mlango wa choo na “free” juu ya kopo la sampuli ni “libre” na “gratuit”, nasi tungesema kitupu na bure. “Save” kwenye kompyuta ni “enregistrer”, na katika benki ni “épargner”. “Home” kwenye tovuti ni “accueil”, na kwenye anwani ni “domicile”. Hakuna sentensi ya kuisaidia programu, na aliyeandika orodha ya maneno hayo kwa kawaida hakuandika pembeni yanakwenda wapi. Mfasiri anayepewa orodha kama hiyo ana haki ya kuomba picha ya ukurasa wenyewe, na akinyimwa ana haki ya kuikataa kazi.

Kwa kazi ya maneno yanayosimama peke yake, WordReference inaizidi programu yoyote niliyoijaribu, kwa sharti moja: mtumiaji afanye safari ya kurudi. Ukishachagua neno la Kifaransa, geuza upande wa kamusi na ulitafute hilo. Nilipoligeuza “temps” nilipata mambo matatu: wakati, hali ya hewa, na njeo ya kitenzi. Mambo hayo matatu yanatosha kumwonyesha mtu kwamba neno hilo haliwezi kukaa peke yake kwenye kisanduku. Nilipoligeuza “heure” nilipata saa ya ukutani na saa moja ya dakika sitini, basi. Safari hiyo ya kurudi huchukua nusu dakika, na hakuna kinachoizuia isipokuwa haraka.

Mapungufu yake ni mawili ya kuzingatia. Maelezo ya maana yameandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo msomaji ambaye Kiingereza chake ni hafifu atachagua mstari kwa kubahatisha, na kwa msomaji wa aina hiyo penseli na Kiswahili pembeni si anasa. Pili, kamusi haina njia ya kujua kama unaandika kwa karani au kwa mama mzaa chema. Huweka alama za mtindo kwenye maneno ya mitaani na ya kitaalamu, lakini kati ya “prends ton temps” na “prenez votre temps”, ambayo yote ni kumwambia mtu asiharakishe, chaguo la heshima ni la anayeandika.

Fomu ilirudi zahanati baada ya siku mbili. Kisanduku cha miadi kilisomeka “Heure”, cha maumivu “Durée”, na juu ya safu ya dawa paliandikwa “Nombre de fois par jour”, maneno matano mahali pa moja, ikabidi mchapaji apanue safu. Kisha aliponionyesha nakala ya mwisho niliona kwamba kisanduku cha miadi bado kilikuwa na nukta mbili zilizochapwa katikati kwa namna ya Kiingereza, ili mgonjwa aandike saa upande mmoja na dakika upande wa pili. Kwa fomu ya Kifaransa nilitaka namna iliyozoeleka, ya herufi h, kama 14 h 30. Tukazifuta nukta, tukaweka h, na ukurasa ukaenda kuchapwa.